Darasa Lililohama

Nunow alikuwa amefundisha somo lake la kwanza mara sita kabla ya kumfundisha mtu yeyote. Mara zote sita aliwafundisha mawe. Aliyaokota mwenyewe kando ya laga, mto mkavu wa msimu, akayapanga mistari mitatu, matano matano, chini ya mgunga uliokuwa mbali kidogo na kambi ya Mzee Abdullahi. Kila jiwe lilikuwa kiti cha mwanafunzi mmoja. Akasimama mbele yao na chaki mkononi, akasema, "Hamjambo, watoto?" Mawe, kama ujuavyo, hayana adabu. Nunow akajiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Hatujambo, mwalimu," kisha akaendelea na somo.

Usimcheke bado. Kijana huyu wa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, alimaliza chuo cha ualimu miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote hiyo hakupata darasa hata la kuazima. Kila nafasi ilipotangazwa alipeleka bahasha, na kila bahasha ilikwenda ikapotelea huko zinakopotelea bahasha za watu wasiojulikana. Akawa anauza vocha na vifuniko vya simu kwenye kibanda. Cheti chake kilikuwa ndani ya karatasi ya plastiki chini ya godoro. Akitaka kujiumiza roho, alikitoa akakisoma.

Kisha mwezi uliopita akapigiwa simu na Bi Faiza wa ofisi ya elimu huko Eldas, kaunti ya Wajir. Kulikuwa na shule ya kuhamahama, mwalimu anaishi na wafugaji, wakihama anahama nao. Mkataba wa mwaka mmoja. "Lakini nisikilize vizuri," Bi Faiza alisema. "Nitakuja mwisho wa mwezi. Nikute darasa linaendelea, watoto wasipungue kumi. Nisipolikuta, nafasi nampa mwalimu mwingine wa kambi nyingine." Nunow alikuwa ameshasema ndiyo kabla Bi Faiza hajamaliza. Mambo ya kuhama hakuyauliza. Nani anauliza maswali siku anayoitwa mwalimu?

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ukinisikiliza mimi. Nunow ni Msomali wa ukoo wa wafugaji, kweli, lakini alizaliwa chini ya bati. Mifugo ya baba yake iliisha kwa ukame kabla yeye hajazaliwa, na baba mwenyewe alifuata mifugo yake kaburini muda mfupi baadaye. Mama yake, Sahara, akabaki Garissa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, akamlea mwanawe huyo mmoja katika chumba kimoja. Ngamia Nunow aliwajua kwa maziwa, na mbuzi aliwajua kwenye sahani. Hata chuo alisomea mjini hapo hapo, jioni anarudi kwa mama. Miaka ishirini na minane hakuwahi kulala mbali naye zaidi ya siku tatu.

Basi alipoteremshwa na lori la kutoka Eldas, na ubao wake wa plaiwudi, sanduku la bati na hema, alidhani kitu kigumu kitakuwa jua. Jua alilizoea siku ya pili. Upweke ndio uliomkalia kooni. Wanaume waliondoka na ngamia alfajiri. Watoto waliondoka na mbuzi. Wanawake walikuwa na kazi zisizoisha, na mwanamume kijana hakai kitako na wanawake kupiga soga. Lugha ilikuwa moja, salamu zilikuwa zile zile, maziwa aliletewa bila kuomba. Istahil, mke wa Mzee Abdullahi, alimletea chai kila asubuhi, akaketi kwenye mkeka nje ya hema kumuuliza alivyolala. Lakini baada ya chai siku ilibaki nzima, na hakukuwa na sauti ya tuktuk wala ya jirani anayegombana na mkewe. Nunow hakujua kwamba mtu anaweza kuikosa hata sauti ya jirani akigombana.

Dawa yake ilikuwa simu. Nyuma ya kambi kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, na juu yake mtandao ulikuwa ukija na kwenda. Kila siku baada ya sala ya alasiri Nunow alipanda pale, akampigia mama yake. Kwa kuwa mtandao ulikuwa dhaifu, alipiga kelele. Alimsimulia kila kitu, maana alikuwa na kiu ya kusimulia. Alichokula. Mti uliompa kivuli. Majina ya ngamia. Mvua iliyonyesha siku ya nne, ikajaza silanga ya upande wa mashariki, bwawa ambalo familia za pale zilikuwa zimelichimba kwa mikono.

"Imejaa pomoni, hooyo," alisema, kama wamwitavyo mama. "Hata miezi miwili maji hayaishi. Na nyasi ndiyo kwanza zinachipuka."

"Mashallah," mama yake alijibu kutoka sokoni, na nyuma yake zikasikika sauti za wanawake wenzake wa maziwa. "Mashallah, mwanangu. Ni upande gani huo?"

Nunow akamwelekeza vizuri, kwa laga na kwa kilima, kama mtu anayefundisha jiografia.

Siku nne baadaye wakaja watu wageni na kundi la ngamia ambalo vumbi lake lilionekana tangu asubuhi. Wakanywesha kwenye silanga ile siku mbili, wakakaa. Hakukuwa na ugomvi. Walisalimiana na wenyeji, wakaulizana habari, na maji yakashuka kila mtu akiyaona. Nunow naye aliyaona. Alisikitika kama unavyosikitikia msiba wa mtaa wa pili, kisha akarudi kwenye andalio lake la somo.

Tangu siku hiyo Istahil alileta chai, akaiweka, akaenda zake. Watoto waliokuwa wakija jioni kuugusa ubao kwa vidole wakaacha kuja. Nunow alifikiri wamemchoka. Alifikiri ni viatu vyake vya mjini, au namna anavyocheka, au kwamba anasoma kwa sauti peke yake. Mtu mpweke akianza kujitafutia makosa hupata mengi, ila lile lenyewe hulikosa.

Ni Ruweyda tu aliyeendelea kumsogelea, mjukuu wa Mzee Abdullahi, msichana wa miaka tisa mwenye jino moja lililong'oka. Siku moja alisimama mbele ya mistari ya mawe, akachagua la kwake, lile la mbele lililo bapa.

"Ukishatufundisha utaondoka?" akauliza.

"Siondoki," Nunow akamwambia. "Mimi nakaa."

Ruweyda akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesema neno lisilo na maana, akawafuata mbuzi wake.

Darasa lilipangwa kuanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Mzee Abdullahi alikuwa amekubali tangu mwanzo, mbele ya kina mama wote: saa mbili hadi saa nne, kabla watoto wakubwa hawajapeleka mbuzi mbali. Majina yalikuwa kumi na matano kwenye rejista, yameandikwa kwa mwandiko ambao ungemfanya mwalimu wake wa chuo alie kwa furaha. Somo la kwanza lilikuwa salamu na majina. Mimi ninaitwa fulani. Wewe unaitwa nani? Nunow alilipima kwa saa: dakika thelathini na tano, na wimbo mwishoni.

Jumamosi mchana Liban, mpwa wa Mzee Abdullahi, alirudi kambini akiwa mweupe kwa vumbi. Hakuwa ameonekana kwa siku tano. Hakuna aliyemuuliza lolote. Alipewa maziwa, akanywa kibuyu kizima, akajitenga na mjomba wake, wakazungumza kwa sauti ya chini wakichorachora mchangani kwa fimbo. Nunow aliwaona vizuri kabisa. Mtoto yeyote wa pale wa miaka minne angekuambia maana yake: Liban alitumwa kutazama malisho, ameyapata, na kambi itahama. Nunow alifikiri wanazungumza mambo ya ndoa.

Jumapili asubuhi wanawake walikuwa wakikunja mikeka na kulegeza kamba za vibanda. Akadhani ni usafi. Istahil akaja kuuchukua mtungi wa maji waliomwazima, akasimama na mtungi mkononi kama aliyetaka kusema neno.

"Leo unakwenda wapi, maalim?" akamuuliza.

"Barabarani, eddo," Nunow akajibu, akimwita shangazi kwa heshima, "kwenye maduka. Nachaji simu, nanunua penseli. Nalala huko kwa mwenye duka, kesho asubuhi mapema nimerudi. Kesho si ndiyo siku yenyewe?"

Istahil aliutazama ubao uliosimamishwa chini ya mgunga. "Inshallah," akasema.

Kutoka kambini hadi barabarani ni mwendo wa saa mbili na nusu. Nunow alinunua penseli nane, akazikata katikati ziwe kumi na sita, moja ya akiba. Alinunua pakiti ya peremende. Mwenye duka, aitwaye Gelle, alimuuliza ana watoto wangapi, naye akajibu, "Kumi na watano," kwa fahari ambayo si ya kawaida kwa bwana asiyeoa. Alilala dukani hapo kwenye magunia, na kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa njiani, akiimba kimoyomoyo ule wimbo wa mwisho wa somo.

Alipofika hakuona kambi.

Kwanza alidhani amepotea. Kisha akauona mgunga, na ubao, na hema lake, na mistari mitatu ya mawe. Kilichokosekana ni watu. Vibanda vilikuwa vimebaki duara za mchanga uliokanyagwa. Maboma ya miiba yalikuwa wazi, hayana mbuzi. Aligusa majivu mahali Istahil alipokuwa akichemsha chai, yakawa na uvuguvugu bado. Kwenye mlango wa hema kibuyu cha maziwa kilikuwa kimetundikwa, kimefungwa vizuri, na pembeni mtungi mmoja mdogo wa maji. Waliondoka bila yeye, na hawakutaka afe. Hayo yote mawili aliyaelewa pamoja, na sijui lipi lilimuuma zaidi.

Alikaa chini. Saa yake ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi. Sitakuficha, alilia, tena si kidogo. Miaka sita alingoja bahasha ijibiwe, na sasa darasa lenyewe limebebwa juu ya ngamia likampa kisogo. Alimfikiria Bi Faiza akifika na gari mwisho wa mwezi, akute mwalimu na mawe. Alifikiria kurudi Iftin, kibandani, watu wakimuuliza mbona umerudi upesi. Saa mbili kamili ilipofika akasimama, akafungua rejista na kuita majina yote kumi na matano, moja baada ya jingine, akiacha nafasi ya kuitikiwa. Jina la mwisho lilikuwa la Ruweyda. Hakuweka alama yoyote. Kuandika "hayupo" kulimshinda.

Kisha akajikaza. Alifunga ubao mgongoni kwa kamba ya hema, akatia rejista, chaki na penseli kwenye begi, akachukua maji na maziwa, akaacha hema na sanduku. Kufuata nyayo hakukujua, lakini kundi lote la ngamia na mbuzi wa familia nne halipiti kwa siri. Mavi yalimwelekeza. Upepo ulipoushika ule ubao ulimyumbisha kama mlevi. Mara mbili alianguka. Adhuhuri alisali chini ya kichaka ambacho kivuli chake hakikumtosha hata kichwa, akaendelea.

Aliwakuta karibu na alasiri. Walikuwa wamepumzisha mbuzi na watoto wadogo kwenye bonde, ngamia wengi wakiwa wametangulia na Liban. Watu walimwona kutoka mbali, na hakuna aliyemwita. Mzee Abdullahi alikuwa ameketi peke yake akiishonea ndala yake kamba. Nunow aliutua ubao mbele yake, akasalimu, akaitikiwa, akakaa.

"Maziwa uliyaona?" mzee akauliza.

"Niliyaona, adeer," akasema, kama wamwitavyo mzee kwa heshima. "Ahsante. Mbona hamkuniambia? Nimekosa nini?"

Mzee Abdullahi hakuwa na haraka. Alikaza fundo moja la ndala kwanza.

"Silanga ile ilitutosha mpaka mwezi wa Ramadhani," akasema. "Mvua iliponyesha, sisi tulinyamaza. Hata anayepita njiani na kutuuliza tulimwambia hali ni ngumu. Siku nne tu, wakaja watu kutoka mbali, wanajua mpaka kilima. Nikawauliza, nani amewaambia? Wakaniambia, ndugu yetu mmoja mwanamke, Fowsiya, anauza maziwa Garissa. Ana jirani sokoni. Jirani ana mtoto mwalimu."

Nunow aliinamisha kichwa. Fowsiya alimjua tangu utoto. Meza yake iligusana na ya mama yake.

"Ni mama yangu," akasema.

"Najua ni mama yako. Kambi nzima inamjua. Unapanda juu ya kichuguu unapiga kelele kama unaadhini." Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Simlaumu. Ndugu za yule mwanamke ngamia wao walikuwa wanakufa. Hata mimi ningemwambia. Lakini wangu pia wanakunywa maji. Sasa Liban amepata majani, siku tano ametembea kuyatafuta. Ningekuambia wewe, jioni Garissa ingejua."

"Sikujua, adeer. Wallahi sikujua."

"Ndiyo sababu nimeacha maziwa."

Nunow alitoa simu mfukoni, akaiweka mchangani kati yao. "Ichukue. Ikae na wewe."

Mzee aliitazama, akaisukuma kwa fimbo imrudie mwenyewe. "Mama ni mama. Mpigie. Mwambie u mzima, mwambie unakula. Mahali usiseme. Maji usiseme, majani usiseme, tulikotoka usiseme na tunakokwenda usiseme. Ukiweza hayo, una darasa. Ukishindwa, barabara iko upande ule, na hakuna atakayekuchukia."

"Nitaweza," Nunow akasema, na wakati ule aliona ni jambo dogo.

Mzee aliwaita watoto kwa kupiga makofi mara moja. Walikuja kumi na watatu, wawili walikuwa mbele na ngamia. Mawe hayakuwepo, wakaketi mchangani. Nunow aliegemeza ubao kwenye mzigo wa mikeka, akafungua kinywa, na dakika thelathini na tano zote alizozifundisha mawe zikamtoka kichwani. Alisimama tu, midomo imekauka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Maalim," Ruweyda akasema, "wewe unaitwa nani?"

Aliuliza kwa Kisomali, lakini ndilo lilikuwa somo lenyewe. Nunow akageuka, akaandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa, akalisoma. Wakalisoma. Akaandika la Ruweyda chini yake. Ruweyda akakaa bila kupepesa macho, akiliangalia jina lake, mpaka wa nyuma wakamlalamikia kwamba anawaziba. Walifundishana majina mpaka mbuzi wakainuliwa kuendelea na safari, na wimbo hawakuufikia.

Siku mbili baadaye walifika. Sitakuambia ni wapi, maana hata mimi nimekatazwa. Liban akarudi na ngamia mmoja kuleta hema na sanduku. Darasa likaanza saa mbili na kwisha saa nne, na wote kumi na watano wakawa na alama kwenye rejista. Bi Faiza naye angeelekezwa njia na Mzee Abdullahi mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ikifika.

Alasiri ya Alhamisi Nunow alipanda kilima kutafuta mtandao. Kutoka juu aliona majani yaliyowafika mbuzi kifuani, na ngamia wametawanyika kama watu waliotoka kuswali Idi. Maji yaling'aa mahali ambapo yeye mwenyewe asingeyatarajia. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na kwa mazoea alianza kukipanga kwa maneno, aanze na lipi.

Mama yake alipokea mara moja.

"Nunow! Siku nne sikupati. Habari yako, mwanangu?"

"Nzuri, hooyo. Nimefundisha."

"Umefundisha! Watoto walikuja?"

"Walikuja wote."

"Alhamdulillahi. Chini ya ule mgunga wako?"

"Hapana. Tumehama."

"Mmehamia wapi?"

Kule sokoni zilisikika sauti za wanawake, na mojawapo, aliyoijua tangu utotoni, ilikuwa ya Fowsiya akimsalimia mteja. Akaona kwamba kila alichokuwa nacho cha kumsimulia mama yake kilikuwa na mahali ndani yake. Hata wimbo wa darasa, waliuimba kando ya maji.

"Tumehama tu, hooyo."

"Kuna majani huko?"

"Mimi ni mzima," Nunow akasema. "Nakula vizuri."

Mama yake, Sahara, hakuzaliwa chini ya bati. Alizaliwa kwenye kibanda cha kamba na mikeka, na utotoni alimsikia baba yake akiwajibu wapita njia hivyo hivyo, tuko wazima, tunakula, na macho yanatazama pembeni. Alilijua jibu lile, na alijua ni watu gani hupewa.

"Haya," akasema, sauti ameishusha. "Usiniambie basi."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Akamuuliza kama viatu vimemtosha, naye akajibu vimetosha. Akamuuliza kama anasali, akajibu anasali. Kisha hawakuwa na jingine, watu ambao walizoea kuzungumza mpaka betri iishe. Wakaagana.

Nunow alibaki amesimama, simu bado sikioni. Chini Ruweyda alikuwa akiyapanga mawe ya kesho, matano matano, akayahesabu, kisha akaongeza moja mbele peke yake, la mwalimu.